Usiku mkavu Elgon: jinsi ya kulala kwenye hema mlimani

Mimi ni fundi cherehani hapa Kapchorwa mjini, upande wa Uganda wa Mlima Elgon. Nashona sare za shule, napunguza suruali, nabadilisha zipu. Miaka kumi na moja iliyopita mpagazi mmoja aliniletea hema ambalo zipu yake ilikuwa imekatika, akaniuliza kama naweza. Nikaweza. Wiki iliyofuata wakaja watatu. Nilipokuwa nashona mahema ya watu nilianza kujiuliza huko juu yanapopelekwa kuna nini, na mwisho nikapanda mwenyewe. Tangu hapo kila mwaka napanda, Desemba au Januari shule zikiwa zimefungwa na kazi ya sare haijaanza, na mara nyingine Julai. Kiswahili changu ni cha Kitale, Kenya, nilisomea huko nikikaa kwa shangazi, ndiyo maana wateja wa kutoka Suam mpakani na madereva wa malori hunijia mimi wakitaka maelezo ya mlima.

Ninachowaambia wote ni kwamba baridi ya Elgon ukiwa mkavu utaivumilia, ukiwa umelowa itakushinda. Kila nitakachoeleza hapa, kuanzia hema lenyewe hadi mahali pa kulitandaza, nguo na chai, kinahusu kuingia usiku ukiwa mkavu na kutoka asubuhi ukiwa mkavu.

Kulala bure, ni wapi?

Vijana huniuliza hili kabla ya lolote jingine. Wameona video za Marekani, mtu anaingia na gari msituni, anachagua mti anaoupenda, analala bila kumlipa yeyote. Huko ni kweli: katika misitu mingi ya taifa ya Marekani unaruhusiwa kulala nje ya kambi zilizojengwa bila malipo, kwa kawaida hadi siku 14, mradi ukae mbali na maji na uondoke na taka zako. Usichukue kanuni hiyo ukaileta hapa. Elgon upande wetu ni hifadhi ya taifa tangu 1993, iko chini ya UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, na ndani yake hakuna kujichagulia mahali. Unalipa kiingilio, unatembea na askari wa hifadhi, unalala kwenye kambi zinazojulikana. Bei hubadilika, kwa hiyo uliza ofisi yao ya Mbale, ya Budadiri au pale Kapkwai kabla hujafunga mzigo. Ukiingia kwa mlango wa nyuma ukakamatwa, maelezo yako ya kupenda mazingira hayatakusaidia.

Bure ipo, lakini ipo chini ya mpaka wa hifadhi, kwenye ardhi ya watu, na ina utaratibu wake. Kuanzia Sipi kupanda juu kuna migongo ya ardhi yenye malisho, na kutoka pale unaona tambarare yote ya Teso jioni. Nenda kwa mwenye shamba. Fika mapema, saa tisa au saa kumi, usifike giza limeingia. Salimia, kaa ukikaribishwa, kunywa kama umepewa chai, kisha ndipo useme shida yako. Akikubali, mwombe mtoto wa nyumbani akupeleke kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ajue jina lako na utaondoka siku gani. Mimi hubeba kilo mbili za sukari na mche wa sabuni kwa mama wa boma. Hakuna aliyenidai, na sijawahi kufukuzwa. Kwenye msitu wa akiba ulio chini ya NFA, mamlaka ya misitu ya taifa, ni ofisi yao inayotoa ruhusa, si mwenyekiti.

Usione LC1 ni usumbufu. Mpaka wa hifadhi hii una kidonda. Wabenet walikuwa wakiishi huko juu na ng'ombe wao kabla haujawa hifadhi. Mwaka 1983 wakahamishwa, na mwaka 2005 Mahakama Kuu ikatoa hukumu ya makubaliano iliyowatambua kuwa wenyeji wa asili wa sehemu ile. Hadi leo kuna familia zisizo na pahali pa uhakika. Mgeni akionekana jioni karibu na mpaka ana panga na mzigo mkubwa, watu hawajui kama ni mpimaji wa ardhi, mwizi wa mbao au mwizi wa ng'ombe. Jina lako likiwa kwa mwenyekiti, utalala na wao watalala.

Njia

Ziko tatu ninazozijua kwa miguu yangu. Ile inayoitwa Sasa inaanzia Budadiri, kwa Wagisu. Ni fupi kuliko zote kufika kilele cha Wagagai, mita 4,321, lakini siku ya kwanza inakupandisha ukuta wa mwamba kwa ngazi, na magoti yatakuuma. Ya Sipi inaanzia Kapkwai, kama mita 2,050, na siku ya kwanza unalala Tutum penye pango. Ya Piswa inaanzia Kapkwata, ndefu na ya pole. Anayelala mlimani mara ya kwanza namwambia aende Kapkwai, alale Tutum usiku mmoja au miwili, arudi. Kilele kitamngoja. Tutum iko karibu mita 2,700, baridi ya kutosha kukufundisha, na ukikosea jambo unateremka asubuhi moja tu.

Hema, kabla halijatoka nyumbani

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Hema jipya usiliamini. Litandaze uani, funga zipu zote, sakafu yake yote uifunike na kurasa za gazeti. Kisha mwage maji juu yake, jerikeni nzima ya lita 20, polepole, ukizunguka, hasa pembeni na juu ya mishono. Subiri nusu saa. Ingia utazame magazeti. Palipo na doa ndipo patakapokunyeshea saa nane usiku. Nimefanya hivi na hema lililotoka dukani siku hiyohiyo, likiwa bado na lebo, na magazeti upande wa miguu yakawa uji. Kitambaa chake kilikuwa kizima kabisa. Kosa lilikuwa la mshono: sindano hutoboa tundu kila milimita tatu nne, na kama mwenye kiwanda hakubandika utepe juu ya mshono kwa ndani, yale ni mamia ya matundu yaliyopangwa mstari. Weka gundi ya mishono kwa ndani, tabaka mbili, kila moja ikauke usiku mzima. Usimpe fundi aliongezee mshono juu ya mshono akidhani anaimarisha, maana anaongeza matundu.

Zipu pia zina lugha yao. Zikianza kukwama, watu huzivuta kwa nguvu, na hapo ndipo wananiletea. Chukua mshumaa wa kawaida, usugue meno ya zipu pande zote mbili, endesha kichwa chake juu na chini mara kumi. Ikiwa meno yanaachana nyuma ya kichwa, kichwa kimepanuka: kikandamize kidogo sana na koleo, upande wa kulia kisha wa kushoto. Kipande cha mshumaa kikae ndani ya mfuko wa hema siku zote.

Hema la juu moja lisilo na kifuniko cha nje halifai mlimani hata kama muuzaji anakuapia. Pumzi yenu watu wawili usiku kucha hugeuka maji ndani ya kitambaa, yanatiririka, asubuhi mfuko wa kulalia umelowa na mvua haikunyesha. Lazima kuwe na kitambaa cha ndani kinachopumua na kifuniko juu yake, viwili visigusane. Na ule upenyo wa juu uache wazi hata kukiwa na baridi. Watu hufunga kila kitu ili wapate joto, wanaamka wamelowa.

Chini ya hema tandika kavera, yaani plastiki, nzito, ile ya wajenzi. Ikate iwe ndogo kuliko sakafu ya hema kwa upana wa vidole vinne kila upande. Ikitokeza nje hata kidogo, mvua inayoteremka kwenye kifuniko itadondokea juu yake na kuingia chini yako, na utakuwa umejitandikia bwawa.

Mahali pa kutandaza

Mwaka wangu wa pili nilikuwa njia ya Piswa. Tulifika kambini saa tisa, na mimi nikapata mahali ambapo nilipaona pazuri kuliko pote: pameviringika, laini, nyasi fupi kama zulia, pamejikinga na upepo. Mzee mmoja mpagazi, ambaye amepanda mlima huu tangu kabla sijazaliwa, akapita na kuni begani akasimama.

"Mama, hapo ni sahani."

Nikamwambia, "Mzee, ni tambarare nzuri."

"Ni sahani. Mwenyewe utaona mchuzi."

Yeye alilala kwenye kinundu kibaya chenye mawe, mwendo wa hatua thelathini kutoka kwangu, akakaa robo saa nzima akitoa mawe moja moja. Saa sita usiku ikanyesha. Saa saba nikaona sakafu ya hema inapanda na kushuka chini ya mkono wangu kama tumbo la mtu anayepumua. Yalikuwa maji, yamekusanyika chini. Sakafu ilivumilia kama saa moja kisha ikaanza kutoa jasho. Nililala nimekaa, nimekumbatia magoti, juu ya mkoba. Asubuhi nilimkuta Mzee anakunywa chai, soksi zake kavu. Hakusema neno, akanimiminia kikombe.

Tangu siku hiyo kabla sijatoa hema kwenye mfuko nachuchumaa na kutazama ardhi kwa usawa wa macho. Natafuta mgongo kidogo, si bonde. Bonde hukusanya maji na pia hukusanya baridi, kwa sababu hewa ya baridi ni nzito, huteremka usiku kama maji na kutulia penye shimo. Nyasi laini sana na za kijani kuliko za jirani zinakuambia maji hukaa hapo. Majani makavu yaliyolala mwelekeo mmoja yamelazwa na mvua ya juzi, na kesho itapita palepale. Mlango wa hema uelekee mteremko wa chini, kichwa chako kiwe juu.

Kisha tazama juu. Kwenye msitu wa chini, wa mizaituni mwitu na podo, matawi makavu huning'inia miaka na kuanguka siku isiyo na upepo. Kwenye mianzi, ile iliyozeeka huegemea wenzake. Usilale chini yake.

Kisha tazama mbali zaidi. Mlima huu ni udongo wa volkano, na ukishiba maji huteleza. Machi 2010 Nametsi, kule Bududa, kijiji kilifunikwa usiku na watu wengi wakafa. Oktoba 2018 ikatokea tena Bukalasi. Hawa walikuwa nyumbani kwao. Wewe mwenye hema una hiari ya kusogea. Ukiona ufa kwenye ardhi juu yako, miti imeinama pamoja upande mmoja, au chemchemi mpya inatoa maji ya matope, ondoka, hata kama ni jioni. Na miezi ya mvua nzito, Aprili na Mei kisha tena mwishoni mwa mwaka mvua zikichelewa kuisha, mimi sipandi.

Kwa wanaolala karibu na msitu wa Kapkwai, kuna siafu. Zunguka hatua ishirini kila upande ukitazama mistari yao kabla hujapiga kigingi cha kwanza. Usiache chakula ndani ya hema, wala usiache zipu wazi hata ukienda haja tu. Wakiingia, usipigane nao gizani. Toka na mfuko wako wa kulalia na usubiri wapite. Hupita.

Nguo, kitanda na joto

Pamba ni adui mlimani. Nasema hivi nikiwa mtu anayeishi kwa kushona pamba. Jinzi ikilowa haikauki huko, inanyonya joto la mguu usiku kucha. Nenda kwenye mivumba, yaani mitumba, Mbale, tafuta sweta za sufu na zile fulana nyembamba za michezo za nailoni. Ukishika sweta mkononi na hujui ni sufu au plastiki, vuta uzi mmoja kwenye mshono wa ndani ukauchome: sufu inanuka nywele zilizoungua na kubaki majivu yanayosagika, plastiki inayeyuka kuwa kitone kigumu. Zote mbili zinafaa kuliko pamba, lakini sufu ikilowa bado inatia joto.

Beba seti moja ya nguo ambazo hazitaguswa mchana hata iweje: soksi, suruali, sweta, kofia. Zifunge kwenye kavera mbili, moja ndani ya nyingine. Hizo ni za usiku tu. Asubuhi utazivua na kuvaa zile mbichi za jana, na utatetemeka dakika kumi hadi utembee. Usijihurumie ukatoka na zile kavu. Mvua ya saa nane mchana ikikukuta nazo, usiku wa pili huna kitu.

Baridi nyingi hutoka ardhini. Mfuko wa kulalia wa bei kubwa ukiulaza moja kwa moja juu ya sakafu, uzito wako unabana ujazo wake wa chini na hauna kazi tena. Mimi hutandika gunia mbili za nailoni, juu yake sponji ya inchi moja iliyovalishwa kavera, maana sponji tupu hunywa maji kama mtoto. Kabla ya kulala nachemsha maji, natia kwenye chupa ngumu ya lita moja, nafunga kabisa, naivalisha soksi, naiweka kati ya mapaja. Huko kambi ya Mude, mita 3,500, nimeamka nikakuta maji ya sufuria nje yameshika ganda la barafu, na yale ya chupa yangu bado yana uvuguvugu wa kutengenezea chai. Ukiwa huko juu tazama zile lobelia kubwa jioni: zinakunja majani yao kufunika kitumba cha katikati, na ndivyo zinavyoishi na baridi ile kila usiku.

Sigiri isiingie ndani ya hema. Isiingie hata ikiwa imebaki makaa mekundu tu, hata mlango ukiwa wazi. Moshi wa makaa unaoua hauonekani na haunuki. Watu wanakufa hivyo nyumbani kwenye vyumba vya matofali, sembuse hema.

Waragi, pombe kali ya kwetu, nayo iache chini. Inakupa joto la uongo: damu inakimbilia ngozini, uso unawaka, na joto la ndani linatoka nje.

Mpwa wangu alikuwa na miaka kumi na sita nilipompandisha, na alificha jinzi chini ya suruali ya mvua kwa sababu hakutaka kuonekana mshamba kwenye picha. Tulinyeshewa saa tatu mfululizo. Tulipofika kambini alikuwa hatetemeki tena, nami nikashukuru, nikidhani amepata joto. Akajaribu kufungua hema. Vidole vikawa vinapapasa zipu bila kuishika. Nikamwambia, "Gusisha kidole gumba na kidole cha mwisho." Hakuweza. Akasema, "Shangazi, niache nilale tu," na maneno yalikuwa mazito kama ya mlevi.

Mtu akifika hapo hana muda. Tulimvua kila kitu kilicholowa, hadi chupi, tukamvalisha kavu, kofia, tukamwingiza kwenye mfuko wa kulalia nami nikaingia naye. Chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa nguo tukaweka kwapani na kifuani. Hatukumsugua mikono wala miguu, na hatukumweka karibu na moto mkali. Alipoweza kushika kikombe na kumeza vizuri tukampa chai yenye sukari nyingi. Ilichukua saa moja akaanza tena kutetemeka, na safari hii nilijua ni habari njema. Ulimi ukiwa mzito na vidole havikutani, hiyo ni dharura. Usingoje uone damu.

Kichwa kuuma kidogo juu ya mita 3,000 ni jambo la kawaida, pumzika, kunywa maji, usipande zaidi siku hiyo. Kichwa kikiuma pamoja na kutapika, kuyumba au kukohoa ukiwa umekaa, dawa ni kuteremka, na unateremka wakati huohuo.

Chakula

Usibebe maharage mabichi. Kadiri unavyopanda, maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Mude yanachemka kwenye nyuzi kama 88 tu. Nimeona kundi likipika maharage kuanzia saa kumi jioni hadi saa nne usiku, kuni zimeisha, na maharage yanagonga meno. Yapike nyumbani, yakaushe kidogo, yapashe tu. Posho, yaani ugali, inaiva. Mchele unaiva ukiufunika na kuuwekea jiwe juu ya kifuniko. Chakula ninachokipenda kuliko vyote mlimani nilifundishwa na Wagisu: malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, ambayo ni mepesi kubeba kama karatasi. Yaloweke mchana ndani ya chupa ukiwa unatembea, jioni yachemshe na siagi ya karanga na chumvi. Tumbo linakaa na joto hadi asubuhi.

Mimi hupika kwa jiko dogo la gesi. Kuni zilizolowa hazistahili shida yake, na juu ya mianzi, penye vichaka vya Erika, moto ni hatari kweli: mimea ile inawaka ikiwa mibichi na hukua polepole mno. Sigara moja imetosha. Mkiwasha moto, uwe pale kambini palipokwisha kuungua, mdogo, na uuzime kwa maji hadi uweze kulaza kiganja juu ya majivu.

Maji, choo na mapango

Maji ya mlima yachemshe hata yakiwa meupe kama kioo. Juu yako kuna ng'ombe, nyani na watu.

Palipo na choo cha kambi tumia hicho. Pasipokuwepo, hesabu hatua themanini kubwa kutoka kwenye maji, ambazo ni kama mita 60, chimba shimo la kina cha shibiri moja, ufukie. Karatasi na pedi zirudi nawe kwenye kavera nyeusi. Nasisitiza hili kwa kina mama na mabinti kwa sababu hakuna anayewaambia, na wanaishia kutupa kwa aibu. Kuoga na kuosha sufuria pia ni hatua themanini, umwage maji ardhini. Mto Sipi unapita kwetu tunakochota, Sironko na Manafwa inaelekea kwa Wagisu na mpaka Kyoga, Suam unaingia Kenya, unakuwa Turkwel na kumwagika Ziwa Turkana. Kijito unachokiruka kwa hatua moja kina watu wengi mbele yake.

Mapango ni mazuri kukingia mvua, na zamani yalikuwa nyumba za watu na ng'ombe wao. Lakini pango lenye popo usilale, usiingie, usiguse kuta zake wala kinyesi kilicho chini. Mwaka 2017 hapa jirani, wilaya ya Kween, mwindaji aliyeishi karibu na pango lenye popo alifariki kwa ugonjwa wa Marburg, na dada yake na kaka yake wakafuata. Askari wa hifadhi wanajua mapango yapi yana popo. Uliza, na ukijibiwa hapana usibishane.

Ukirudi

Hema lililokunjwa asubuhi likiwa na umande linaanza kuvunda siku ya tatu. Linaota madoa meusi, na ule utandu wa ndani unaozuia maji unaanza kubanduka kama ngozi ya nyoka. Likifika hapo hata mimi siwezi kulisaidia. Siku hiyohiyo unayofika, kabla hujaoga, litoe. Mimi hulitundika kwenye kamba chini ya paa la baraza, kivulini, maana jua kali la siku nzima nalo linachoma nailoni. Siku mbili. Napangusa udongo kwa kitambaa chenye maji matupu, bila sabuni. Naendesha kidole juu ya kila mshono, ndani na nje, nikihisi palipolegea. Nahesabu vigingi. Kisha nalikunja, bila kufuata mikunjo ileile ya zamani ili kitambaa kisikatike mahali pamoja, na narudisha kipande cha mshumaa ndani ya mfuko.